Baridi Haina Kosa

Kila mwaka, ifikapo Juni na Julai, huku kwetu Usukuma husikika kauli moja wakati wa alfajiri kutoka nyua za watu wenye magari: "Haliwaki. Ni baridi hii." Husemwa na madereva, husemwa na mafundi, na husemwa na walimu wenzangu wastaafu ambao walipaswa kufikiri zaidi. Mimi nami niliisema kwa muda mrefu. Leo nataka kuipinga hadharani, maana nimeona kwa macho yangu mahali inapoweza kutufikisha.

Kwanza tuulize: ni baridi gani hiyo? Asubuhi za Julai, Shinyanga na Kahama, joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16 hivi. Kwetu sisi tuliozoea jua ni baridi ya kutafuta sweta, lakini ndugu zetu wa Makete, wanaoamka wakakuta sakitu nyeupe juu ya majani, wakisikia tunaiita hiyo baridi watacheka. Magari yao yanawaka. Huko Ulaya theluji huanguka juu ya magari usiku kucha, na asubuhi watu wanakwenda kazini. Basi baridi yetu hii haina nguvu ya kuishinda injini yenye afya. Ikiwa gari halikuwaka, kuna kitu kimekufa ndani yake, na kazi yetu ni kukitafuta kitu hicho. Kuilaumu hali ya hewa ni kukwepa kazi.

Mimi si fundi. Nilifundisha kwa miaka 38, na miaka 11 ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nilistaafu 2009, na kwa kiinua mgongo changu nikanunua pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika, nikarudi kuishi kijijini, kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Kakola. Katika kijiji kama chetu gari la mtu mmoja ni gari la wote. Limebeba mahindi, limebeba maharusi, limebeba majeneza.

Katikati ya Juni 2016 pikapu ile ilianza kugoma asubuhi. Nikiwasha, stata inazungusha, injini inatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, lakini haishiki. Baada ya dakika nyingi za kurudiarudia, au baada ya vijana kusukuma, inashika kwa kutetemeka, na baada ya hapo kutwa nzima haina tatizo. Ukiizima saa nane mchana, inawaka kwa mguso mmoja.

Nililipeleka gereji moja mjini. Fundi alilisikiliza kwa nusu dakika akasema, "Shikamoo Mwalimu. Hii ni betri tu, baridi imeilegeza." Nikanunua betri mpya kwa shilingi 190,000. Kesho yake gari likagoma vilevile. Nikaambiwa ni stata. Ikafunguliwa, ikasukwa upya, shilingi 120,000. Likagoma. Nikaambiwa basi ni nozeli, zote nne, shilingi 280,000. Likagoma. Nilipouliza hita zake zikoje, fundi alichukua taa ya kupimia, akagusa mahali pamoja juu ya injini, taa ikawaka, akasema, "Hita ni nzima, Mwalimu. Hili gari lako limezeeka, na baridi ya mwaka huu ni kali."

Kwa jumla nilikuwa nimelipa shilingi 590,000, na nilichonunua ni majibu matatu ya kubahatisha.

Usiku mmoja wa Julai, yapata saa kumi, jirani yangu alinigongea dirisha. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jioni na hali yake haikuwa nzuri. Niliingia garini, nikawasha. Moshi mweupe ukajaa uani. Tukasukuma, watu sita, hadi barabarani na nyuma tena. Halikushika. Mwisho yule mama alipandishwa pikipiki, katikati ya dereva na mkwewe aliyemshikilia kwa nyuma, wakaondoka gizani. Hawakufika. Alijifungua njiani, katika nyumba ya watu wasiomjua, mikononi mwa bibi mmoja mwenye moyo. Mama alipona na mtoto alipona. Hilo lilitokana na rehema ya Mungu. Sisi na magari yetu hatukuchangia lolote.

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa uani na aibu yangu. Wakaja wazee wawili kunipa pole. Mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, umebadilisha kila kitu katika gari hili. Fundi mwenyewe ameshindwa. Hujiulizi? Jana jioni yule mayu aliliegemea."

Mayu ndiyo heshima yetu kwa mama. Aliyesemwa ni mjane aliyeishi nyuma ya uzio wangu, mwenye umri uliopita miaka 80, macho mekundu. Ni kweli alikuwa ameliegemea gari langu jioni ile. Alitoka kuomba chumvi kwangu, akachoka, akapumzika hapo kidogo kabla ya kuendelea na fimbo yake.

Ndugu msomaji, kama hukukulia huku kwetu, huenda ukaona neno lile ni la upuuzi tu. La hasha. Kwa miaka mingi mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilijulikana nchini kote kwa mauaji ya vikongwe. Mzee wa kike mwenye macho mekundu alihesabiwa kuwa mchawi, na watu walikuja usiku na mapanga. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi: mama aliyeinama juu ya jiko la kuni na samadi ya ng'ombe kwa miaka 60, katika nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya namna gani? Hakuna aliyeuliza. Baadaye, kuanzia 2007, katika ukanda huuhuu wa dhahabu tukasikia ya ndugu zetu wenye ualbino, waliouawa kwa sababu mpiga ramli alimwambia mtu chanzo cha utajiri wake kilipo. Mwanzoni mwa 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini marufuku haifiki ndani ya kichwa cha mtu. Kila mauaji hayo huanza kwa neno kama lile nililoambiwa uani kwangu, likisemwa kwa upole na mtu mwenye nia njema.

Nikaona kwamba pikapu yangu haikuwa tena suala la pikapu. Nisipojua kwa nini haliwaki, kuna mtu atakayejulishwa kwa niaba yangu.

Nilimpigia simu mpwa wangu mwenye karasha Nyarugusu, Geita, mahali ambapo mawe ya dhahabu husagwa. Mashine zile huendeshwa na injini za dizeli, na injini ikisimama watu kumi wanakaa bila kazi. Akanituma kijana wake anayeziangalia injini, mtu wa darasa la saba, mwenye begi dogo. Alifika jioni kwa basi. Nilimtaka alione gari saa ileile, akakataa. "Shikamoo Mwalimu. Naomba tuliache lipoe usiku kucha. Ugonjwa wa asubuhi unaangaliwa asubuhi."

Sijawahi kusikia ualimu mzuri kuliko huo.

Saa kumi na mbili asubuhi hakufungua kitu. Aliniuliza maswali kwanza: linagoma saa ngapi? Mchana likoje? Moshi wa rangi gani? Kisha akaniomba niwashe, naye akasimama nyuma kwenye bomba la moshi. Baada ya hapo akanieleza, na maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu yanaweza kumsaidia mwenye gari la namna ile.

Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, yule Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi barabara 1897, alijenga wazo lake juu ya jambo moja: hewa ikigandamizwa kwa nguvu hupata joto kali. Katika injini kama ile yangu hewa hubanwa hadi nafasi yake inabaki sehemu moja kwa 20 hivi ya ilivyokuwa, joto lake linapita nyuzi 500, dizeli inanyunyiziwa humo na kuwaka yenyewe. Lakini injini ikiwa imepoa, chuma chake hunyonya joto lile kabla halijatosha. Ndiyo maana kila silinda imewekewa plagi ndogo ya kupasha joto, ile tunayoiita hita, ambayo ncha yake huwa nyekundu kama kaa la moto kwa sekunde chache kabla ya kuwasha.

"Sasa Mwalimu," akasema, "stata inazungusha kwa kasi. Kwa hiyo betri si mgonjwa, na hata ile ya zamani huenda haikuwa mgonjwa. Moshi ni mweupe na unanuka dizeli. Maana yake dizeli inafika ndani lakini haiungui. Kama kusingekuwa na moshi wowote, ningetafuta hewa kwenye mipira ya mafuta au kichujio kilichoziba. Mchana linawaka vizuri, maana yake mgandamizo upo. Kilichobaki ni joto."

Nikamwambia hita zimekwisha kupimwa, ni nzima. Akatabasamu. "Alizipima zikiwa zimefungwa kwenye ukanda?" Hapo nilielewa. Hita zote nne huunganishwa juu na ukanda mmoja wa chuma unaozipelekea umeme. Ukigusa ukanda huo na taa ya kupimia, hita moja nzima inatosha kuiwasha taa, hata kama tatu zimekufa. Alifungua ukanda, akaunga waya mmoja wa taa yake kwenye chanya ya betri, na waya wa pili akaugusisha kichwa cha kila hita, moja baada ya moja. Ya kwanza: giza. Ya pili: giza. Ya tatu: taa ikawaka. Ya nne: giza.

Kisha, ili asije akakosea, aliunga taa kwenye ule waya unaoleta umeme hadi kwenye ukanda, akaniambia nigeuze ufunguo. Taa ikawaka. Umeme ulikuwa ukifika, ila hita tatu hazikuwa na uzi ndani yake. Na ile taa ya manjano ya dashibodi niliyokuwa nikiiamini? Akanieleza kwamba katika magari mengi ya aina hii taa hiyo huhesabu muda tu. Itawaka na kuzimika hata kama hakuna hita inayopata moto.

Hita nne mpya zilinigharimu shilingi 60,000, na kijana nikampa 20,000. Asubuhi iliyofuata, nyuzi zikiwa zilezile 15, gari liliwaka kabla sijahesabu mbili.

Nilikuwa nimewaalika wale wazee wawili na majirani wengine waje saa kumi na mbili kamili. Baada ya gari kuwaka nilizipanga zile hita za zamani juu ya boneti, nikaifanya upya ile kazi ya taa mbele yao, kila mmoja akagusisha kwa mkono wake. Giza, giza, mwanga, giza. Nikasema: "Huyu ndiye aliyelifunga gari langu." Mzee mmoja akazigeuza-geuza kiganjani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ni vitu vidogo hivi." Mayu naye alikuwapo, ameketi kwenye kigoda. Hakuambiwa kwa nini ameitwa.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Hita zile hazikufa Julai. Pengine moja ilikufa Februari, nyingine Aprili, na kwa kuwa asubuhi za miezi ile zina joto, gari liliendelea kuwaka na mimi sikujua lolote. Baridi haikuliharibu gari. Baridi ililitahini tu, na ikaonyesha lile ambalo lilikuwa limekwisha haribika. Mtihani hauwi chanzo cha ujinga wa mwanafunzi. Lakini sisi tuna desturi ya kumkasirikia mtahini.

Kosa la yule fundi wa kwanza halikuwa kukosa ujuzi. Anaijua injini kuliko mimi. Kosa lake ni kutaja chanzo kabla ya kutafuta, na alipopima, alipima ili kufunga mazungumzo. Kipimo cha namna hiyo ni kibaya kuliko kutopima, kwa maana kinampa kubahatisha sura ya ukweli. Na mpiga ramli hufanya nini zaidi ya hapo? Naye huulizwa swali, naye hutaja chanzo papo hapo, naye hulipwa, na anayelipia kosa lake ni mtu mwingine. Tofauti ni kwamba mmoja anataja betri na mwingine anataja mtu. Lakini jamii iliyozoea kuridhika na la kwanza haina kinga dhidi ya la pili. Betri zilipokwisha, wazee wangu walihamia kwa mjane bila kuona kwamba wamevuka mpaka wowote.

Nitapingwa, na ni haki. Fundi ataniuliza: "Mwalimu, nikikaa saa nzima napima, nani atanilipa?" Ana hoja. Sisi wateja tunalipia spea, hatulipii akili. Fundi akifungua vyuma vingi na kujipaka grisi, tunasema amefanya kazi. Akisimama nyuma ya gari kutazama moshi, tunasema anapoteza muda. Mimi mwenyewe nililipa 280,000 za nozeli bila kunung'unika, lakini kama angeniomba 10,000 za kupima tu, nadhani ningemwona tapeli. Kwa hiyo mafundi wa kubahatisha tumewafuga wenyewe.

Na kuna wa kulaumiwa zaidi ya wateja: sisi walimu. Yule fundi alisoma shule zetu, akafundishwa na walimu ambao huenda nilisaini vyeti vyao. Tulimfundisha nini? Tuliuliza swali, tukampa kalamu aliyenyosha mkono upesi. Aliyesema "Sijui bado, ngoja nitazame" tulimketisha. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Maneno hayo nimeyafundisha chuoni kwa miaka mingi. Wanachuo wangu waliyakariri vizuri sana, wakayaandika katika mtihani, nami nikawapa alama za juu kwa kuyakariri. Sikuona kichekesho kilichokuwamo hadi siku niliyokaa uani na gari lisilowaka.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuomba, na siyaombi kwa unyenyekevu.

Mwenye gari: mlipe fundi kwa kupima, kabla na mbali na spea, na umtake akuonyeshe alichokiona. Tena anza wewe mwenyewe. Stata ikizunguka kwa uvivu na taa za mbele zikififia, tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huoshwa kwa maji ya moto na magadi. Kaza na usafishe ule waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Uliza pia oili uliyowekewa: oili nzito ya namba 40 peke yake huganda asubuhi kuliko ile ya 15W-40, ambayo herufi yake W imewekwa kwa ajili ya baridi. Stata ikizunguka vizuri na hakuna moshi, tafuta dizeli. Kama moshi ni mweupe, tafuta joto. Na usikubali kitambaa chenye petroli kiwekwe kwenye njia ya hewa ya injini ya dizeli ili kuilazimisha kuwaka. Hilo huweza kuvunja pistoni, au kumuunguza mtu uso.

Fundi: sema "sijui bado". Neno hilo halikushushii hadhi. Kijana wa Nyarugusu alilisema usiku ule kwa namna yake, na ndiye aliyejua asubuhi.

Mwalimu: jibu la mtoto, liwe sahihi au la makosa, lifuatwe daima na swali moja: "Umejuaje?" Lipo swali hilo katika Kiswahili, ni fupi, halihitaji maabara wala ruzuku. Mtoto aliyeulizwa "umejuaje" mara elfu kumi kabla ya kumaliza darasa la saba atawauliza wengine akiwa mtu mzima. Atamwuliza fundi, atamwuliza mganga, na atamwuliza mzee mwenye nia njema anayemnong'oneza uani.

Pikapu ile ninayo bado. Mtoto aliyezaliwa njiani anasoma shule ya msingi, na hupita kwangu kunisalimia. Mayu tulimzika 2021. Alikufa kwa uzee, kitandani mwake, usiku wa baridi, mlango wake ukiwa mzima.